Tingatinga: jina la mtu kabla ya kuwa jina la picha

Ukitaja tingatinga, wengine hufikiria trekta, wengine picha za chui na ndege zenye rangi kali. Wachache hukumbuka kwamba Tingatinga alikuwa mtu.

Edward Said Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Akiwa kijana alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam na kuwa mtumishi wa nyumbani.

Hakusomea uchoraji chuoni. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwenye vipande vya hadibodi, akitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli. Picha aliziuza nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Ujuzi wake aliwafundisha ndugu na vijana wachache.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake hawakuacha brashi. Mwaka 1990 waliunda ushirika, na leo picha za mtindo huo zinanunuliwa hadi Ulaya na Japani.

Bado tunawasikia wasanii wakiambiwa watafute kazi. Tingatinga alichora ili apate kula, na sanaa yake haikupungua thamani kwa hilo. Swali analotuachia ni jingine: mtindo ukishakuwa riziki ya wengi, aliyeuanzisha na familia yake wanabaki na nini zaidi ya jina?