Mtu Aliyewaandikia Watoto Habari za Simba

Wazazi kadhaa hapa Bujumbura wametuuliza kama inafaa watoto wa Kikristo wasome hadithi zenye wachawi na wanyama wanaosema. Kabla ya kujibu, tumeona vema kueleza maisha ya mtu mmoja aliyeziandika, C. S. Lewis.

Lewis alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Mwaka 1908, akiwa na miaka tisa, mama yake alifariki kwa kansa. Mtoto aliomba sana mama apone, lakini hakupona. Majuma machache baadaye baba yake alimpeleka shule ya bweni Uingereza. Hivyo alipoteza mama na kwao kwa mwaka mmoja. Alipokuwa kijana aliiacha imani. Akaenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa mwaka 1918.

Baada ya vita akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mungu hakumwacha. Kwa njia ya vitabu na ya marafiki Wakristo, mmoja wao J. R. R. Tolkien, alirudi polepole, na mwaka 1931 akamwamini Yesu kuwa Mwana wa Mungu.

Mwaka 1939 vita vilianza tena. Watoto wa London walihamishwa kwa hofu ya mabomu, na wengine walipokelewa nyumbani kwa Lewis. Baadaye aliandika hadithi ya watoto wanne waliohamishwa vivyo hivyo. Kitabu kilitoka mwaka 1950, na kufikia 1956 vilikuwa saba.

Watoto hao wanapita ndani ya kabati la nguo, wanafika nchi ya Narnia, iliyofungwa na mchawi katika baridi isiyokwisha. Edmund anawasaliti ndugu zake kwa ajili ya vitu vitamu. Ndipo Aslan, simba mkuu, anakubali kuuawa mahali pake juu ya meza ya jiwe, na kulipopambazuka yu hai. Aslan ni neno la Kituruki, maana yake simba. Sisi tusomao Ufunuo sura ya 5 tunamjua Simba wa Yuda, ambaye ndiye Mwanakondoo aliyechinjwa.

Katika kitabu kingine, cha mwaka 1955, mvulana anamwomba Aslan dawa ya mama yake mgonjwa. Simba anatoa machozi pamoja naye, na mwishowe mama anapona. Mama wa Lewis hakupona, lakini mwanawe alijifunza kwamba Bwana hulia pamoja nasi.

Lewis alifariki tarehe 22 Novemba 1963, siku ile ile aliyouawa Rais Kennedy wa Marekani, hata wengi hawakusikia habari zake.

Basi jibu letu ni hili: mchawi wa hadithi hizo hasifiwi, anashindwa. Lakini mtoto asiachwe peke yake, asije akaona mnyama tu. Mzazi, keti naye, mweleze Simba huyo ni mfano wa nani. Wengi wetu tuliomba kama Lewis, na wapendwa wetu hawakupona. Watoto wetu wanaitazama milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa Tanganyika, nao wanatungoja tuseme. Tusiwarithishe habari za kukimbia tu. Tuwape na habari za Yule aliyefufuka alfajiri.