Karen Ann Quinlan: miaka tisa bila mashine

Mgonjwa wako akifumbua macho baada ya wiki kadhaa za kupoteza fahamu, utadhani amerudi. Huenda bado. Maisha ya binti huyu wa Marekani yatakusaidia kuelewa kwa nini.

Karen alizaliwa Machi 29, 1954, akalelewa New Jersey na Joseph na Julia Quinlan, wazazi waliomuasili. Aprili 1975, akiwa na miaka 21 na akijinyima chakula ili apungue, alikunywa pombe juu ya dawa za kutuliza wasiwasi. (Mchanganyiko huo unaweza kukata pumzi. Kama una kijana nyumbani, mwambie.) Pumzi ilikatika, ubongo ukakosa oksijeni.

Baadaye alianza kulala na kuamka, kukunja uso, hata kutoa sauti. Lakini hakumtambua mtu. Hapa ndipo ndugu wengi huchanganyikiwa: kuwa macho ni jambo moja, kujitambua ni jingine. Wala hiki si kifo cha ubongo. Shina la ubongo, linaloendesha pumzi, lilikuwa bado hai.

Wazazi, Wakatoliki waliotafuta kwanza ushauri wa paroko wao, waliomba mashine ya kupumulia iondolewe. Madaktari walikataa, na Novemba 1975 mahakama ikakataa pia. Machi 31, 1976 Mahakama ya Juu ya New Jersey ikampa baba haki hiyo, ila kamati ya maadili ya hospitali ishauriwe kwanza.

Mei mashine ikaondolewa kidogo kidogo, na Karen akapumua mwenyewe! Wazazi hawakuomba mpira wa kulishia utolewe. Mashine waliiona inamtesa, chakula hawakukiona hivyo. Mimi naona walitofautisha vizuri kuliko wengi wetu wenye makoti meupe. Alihudumiwa hadi Juni 11, 1985, alipofariki kwa nimonia.

Uchunguzi wa ubongo wake, uliochapishwa 1994, ulikuta sehemu iliyoharibika zaidi si gamba la nje kama ilivyodhaniwa, bali thalamasi, kituo cha ndani kinachosambaza taarifa.

Mwaka 2024 watafiti waliwapima wagonjwa 241 wasioonyesha dalili ya kutii agizo lolote. Walipoambiwa wafanye jambo kwa mawazo tu, ubongo wa 60 uliitikia. Kwa hiyo muulize daktari kama mgonjwa wako amepimwa zaidi ya mara moja, na mambo ya mirathi msiyajadili kando ya kitanda.