Friedrich von Bodelschwingh: Mchungaji Aliyewapa Wagonjwa Kazi na Jirani



Tumezoea kusimulia hapa maisha ya watakatifu na mapadre wa Kanisa letu. Safari hii tunamsimulia mchungaji wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, na tuna sababu mbili. Kwanza, wamisionari wa Bethel, mahali alipofanyia kazi, walifika Bukoba mwaka 1910, miaka 18 baada ya Mapadre Weupe kufungua misioni ya Kashozi. Pili, swali alilolibeba maisha yake yote ndilo linaloulizwa leo katika nyumba nyingi, hata hapa Izimbya: mgonjwa wa akili au wa kifafa akisharudi nyumbani na dawa zake, ataishi na nani, na atafanya nini mchana kutwa?

Friedrich von Bodelschwingh alizaliwa tarehe 6 Machi 1831 huko Tecklenburg, Westphalia, katika familia ya heshima. Baba yake alikuwa waziri katika serikali ya Prussia. Kijana huyu hakuanza na teolojia. Alijifunza kilimo na akawa msimamizi wa shamba kubwa, akaona kwa macho yake jinsi vibarua maskini walivyoishi. Kijarida cha kimisionari kilichomwangukia mikononi kilimgeuza moyo, akaenda kusoma teolojia akitamani kuwa mmisionari wa mbali. Badala yake, mwaka 1858 alitumwa Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliokuwa wakifagia barabara za mji ule. Huko alijifunza kuanza na watu waliosahauliwa.

Mwaka 1861 alimwoa Ida, na mwaka 1864 wakahamia parokia ya kijijini, Dellwig. Hapo ndipo msiba ulipowapata. Mwezi Januari 1869, katika muda wa wiki mbili tu, watoto wao wote wanne walikufa kwa ugonjwa. Wazazi wakabaki katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Mungu aliwajalia watoto wengine baadaye, lakini jeraha lile halikusahaulika. Waliomfahamu waliona kwamba tangu wakati ule aliwasikiliza wenye uchungu kwa namna nyingine.

Mwaka 1872 aliitwa kuongoza nyumba ndogo ya wagonjwa wa kifafa karibu na mji wa Bielefeld, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1867. Wakati ule mwenye kifafa alifichwa, au alifungiwa pamoja na wendawazimu, na shule na viwanda vilimkataa. Mahali pale pakaitwa Bethel, maana yake nyumba ya Mungu.

Bodelschwingh angeweza kujenga jengo moja kubwa lenye ukuta mrefu. Alijenga kijiji. Wagonjwa waliishi katika nyumba nyingi zilizopewa majina ya Biblia, na kila aliyeweza alipewa kazi kwa kadiri ya nguvu zake: shamba, bustani, mifugo, useremala, uokaji mikate, ushonaji. Wahudumu walifanya kazi bega kwa bega nao. Madikonisa wa Sarepta walikuwapo tayari, na mwaka 1877 ikaanzishwa nyumba ya mashemasi iitwayo Nazareti.

Hapa tuelewe vizuri. Kazi ile haikuwekwa ili wagonjwa walipe gharama za chakula chao, wala haikuchukua nafasi ya daktari. Ilikuwa na shabaha nyingine. Mtu aliyeambiwa kwa miaka kwamba hafai kitu, anapookea mkate ambao wenzake wataula jioni, anaanza kujiona tena kuwa mtu kati ya watu. Na akianguka kifafa akiwa kazini, jirani yake anajua la kufanya, kwa sababu wamezoeana.

Mwaka 1882 alifungua kijiji kingine, Wilhelmsdorf, kwa ajili ya watu wasio na ajira waliokuwa wakizurura barabarani, nao wakalima nyika ile ngumu. Muziki pia ulikuwa na nafasi yake. Mwaka 1893 alifika Bethel Mchungaji Johannes Kuhlo, kuongoza mashemasi wa Nazareti. Yeye alikuwa hodari wa vikundi vya matarumbeta. Tukisikia leo matarumbeta ya ndugu zetu Walutheri, tukumbuke kwamba katika kijiji kile cha wagonjwa muziki wa pamoja ulikuwa sehemu ya maisha.

Mbegu ya Bethel ilifika kwetu hata kabla ya 1910. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kilifunguliwa mwaka 1896 kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, na mashemasi kutoka Bethel wakatumwa kukiendesha. Mwaka 1904 kituo hicho kilianza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali ya Lutindi ipo hadi leo wilayani Korogwe, na wagonjwa wake, pamoja na kutumia dawa, hushiriki kazi za shamba na za mikono.

Bodelschwingh alifariki tarehe 2 Aprili 1910, akiwa na umri wa miaka 79. Baada yake Bethel iliongozwa na mwanawe, aliyeitwa pia Friedrich. Mwaka 1940, utawala wa Hitler ulipotaka orodha za wagonjwa ili wasiofaa kwa kazi wauawe, Bethel ilikataa kujaza fomu zile. Mwaka uliofuata, katika Westphalia hiyohiyo, Askofu wetu wa Münster, Mwenye Heri Clemens August von Galen, alilaani mauaji hayo hadharani akiwa mimbarini. Wagonjwa wengi waliuawa hata hivyo, kati yao Wayahudi waliochukuliwa kutoka Bethel. Tunaona hatari ya kumpima mtu kwa kazi anayoweza kufanya. Kazi ni njia ya kumrudishia mgonjwa jirani. Si bei ya haki yake ya kuishi.

Nasi je? Dawa hutolewa hospitalini, na aliyeandikiwa aendelee kuzitumia. Lakini upweke nyuma ya nyumba hautibiwi na kidonge. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zina kila kitu alichokuwa nacho Bodelschwingh siku ya kwanza: kibanja cha kupalilia, kahawa ya kuanika, mikeka ya kusuka, kwaya inayohitaji mpiga ngoma. Jumuiya ikichagua siku moja kwa juma, ikampitia mgonjwa nyumbani kwake na kwenda naye kazini, bila kumcheka na bila kumharakisha, imekwisha kuanza. Mama yake naye atapata nusu siku ya kupumua.

Kwetu waseminari, ambao kesho tutakabidhiwa parokia, somo ni hili: tusingoje kupata fedha za jengo. Tuanze kwa kumjua kwa jina mgonjwa mmoja, na kuuliza anapenda kufanya kazi gani.