Daktari Garnham na Siri ya Ini

Atokaye Mombasa kwenda Nairobi aghalabu hudhani kuwa apandapo bara humwacha mbu nyuma. Zapita siku nane au kumi, yuko kwa jamaa zake Upper Hill, mara mwili wamtetemeka na kichwa chamgonga, naye asema ni baridi ya huko juu. Masikini baridi haina kosa. Mbu alimuuma kwao pwani, na vijidudu alivyomtia vilikuwa vimejificha. Vimejificha wapi siku zote hizo? Suala hili ndilo lililomshughulisha Daktari Percy Cyril Claude Garnham, na jawabu lake alianza kulipata hapa hapa Kenya.

Garnham alizaliwa London mwezi wa Januari 1901. Akasomea uganga katika hospitali ya St Bartholomew's, na mwaka 1925 akaja Kenya kuitumikia serikali ya kikoloni. Alikaa nchini zaidi ya miaka 20. Mwaka 1929 aliandika juu ya malaria ya Kisumu, na mwaka 1938 akaeleza namna vijidudu vya maradhi hayo vinavyojazana katika kondo la nyuma la mama mja mzito. Mwaka 1945 akaonyesha kuwa hata nyanda za juu za Kenya, palipodhaniwa kuwa baridi ni ngao tosha, zaweza kuvamiwa na malaria ya ghafla. Yeye na mwenzake McMahon ndio waliomtokomeza kwa dawa ya DDT yule inzi mdogo aliyekuwa akiwapofusha watu wa bonde la Kodera, Nyanza.

Mbu ametajwa katika Sura ya al-Baqara kuwa ni mfano, na mwenye kumtazama sawasawa haoni ajabu. Ni mkongwe kuliko mwanadamu kwa mamilioni mengi ya miaka. Dume hana madhara, hujinywea utamu wa maua. Jike ndiye aumaye, kwani bila ya damu mayai yake hayakamiliki. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross alikiona kijidudu cha malaria tumboni mwa mbu, na baada yake ikathibitika kuwa hutoka katika mate ya mbu na kumwingia mtu.

Lakini palibaki pengo. Mwaka 1903 bingwa wa Kijerumani, Schaudinn, alitangaza kuwa ameviona vijidudu vitokavyo kwa mbu vikiingia moja kwa moja katika chembe nyekundu za damu. Kwa kuwa alikuwa mtu mkubwa, wengi walimfuata kwa taklidi zaidi ya miaka 40. Ilhali damu yenyewe ilikuwa ikimkanusha: mtu aliyeumwa na mbu mwenye ugonjwa hukaa siku kadhaa bila ya kijidudu hata kimoja kuonekana katika damu yake.

Garnham hakuridhika. Akawapasua kima wa Kenya wenye kijidudu ambacho ni jamaa wa karibu wa malaria, akakikuta kikikua ndani ya maini yao. Habari hiyo aliitoa mwaka 1947. (Baadaye, mwaka 1961, yeye na wenzake walithibitisha kuwa kijidudu hicho cha kima huenezwa na usubi, wala si mbu.) Mwaka huo huo wa 1947 alirejea London, akashirikiana na Henry Shortt. Mwaka 1948 waliwaachia mbu wengi wenye ugonjwa wamuume nyani mmoja, na siku ya saba wakalichunguza ini lake. Vijidudu vilikuwamo, vimevimba na kuzaana kwa maelfu. Kisha wakavikuta katika kipande cha ini la mtu aliyejitolea. Dhana ya Schaudinn ikaanguka.

Washairi wetu tangu kale wameyaweka mapenzi katika maini. Kumbe na adui naye huko huko ndiko afanyako maskani! Hujificha, huzaana, halafu hutoka kwa kishindo na kuishambulia damu.

Garnham aliendelea kufundisha na kuandika London, na kitabu chake kikubwa juu ya vijidudu vya malaria kilitoka mwaka 1966. Alifariki tarehe 25 Desemba 1994, akiwa na umri wa miaka 93. Alikuwa mtumishi wa ukoloni, hilo halifichiki, na tumtajapo tusiwasahau wenyeji waliotoa damu yao ikapimwa. Lakini elimu haina kabila. Chanjo ya malaria iliyoanza kupewa watoto wa Kenya magharibi mwaka 2019 inakusudiwa kuviwahi vijidudu hivyo kabla havijatia mizizi katika ini.

Faida yetu watu wa pwani ni mbili. Ya kwanza, jina kubwa lisitufumbe macho: la kuaminiwa ni lile lililothibiti. Ya pili ni ya kuokoa roho. Homa ikikushika ukiwa Nairobi, usiishitaki baridi. Nenda hospitali hima, na kabla hujaulizwa, mwambie daktari ulikotoka na siku uliyotoka. Huenda maneno hayo mawili yakawa na thamani kuliko dawa nyingi utakazopewa kwa kubahatisha.