Georges Méliès: Gwiji wa filamu aliyeishia kuuza peremende

MNAMO 1907, miaka miwili baada ya mwandishi Jules Verne kuaga dunia, Mfaransa mwenzake Georges Méliès alitoa filamu fupi iliyotokana na riwaya yake mashuhuri kuhusu safari za chini ya bahari.

Méliès hakuifuata riwaya hiyo kikamilifu. Mhusika wake ni mvuvi aliyechoka, anayesinzia na kuota yumo ndani ya nyambizi, kisha anajikuta miongoni mwa kaa na pweza wakubwa ajabu. Ilikuwa dhihaka, wala si ya kumvunjia Verne heshima.

Méliès alizaliwa jijini Paris Desemba 8, 1861. Babake, tajiri mwenye kiwanda cha viatu, alitaraji mwanawe angeendeleza biashara ya familia. Kijana naye moyo wake ulikuwa katika kiinimacho, na mnamo 1888 alinunua ukumbi wa maonyesho wa Robert-Houdin.

Desemba 28, 1895 alikuwa miongoni mwa waliotazama picha za ndugu wa Lumière. Aliomba auziwe mtambo wao, akakataliwa. Hakufa moyo, alijipatia mwingine London.

Mnamo 1897 alijenga studio ya vioo huko Montreuil. Humo alitunga, akachora mandhari na kuigiza mwenyewe, hadi akatoa zaidi ya filamu 500. Ile ya safari ya mwezini, ya 1902, ilinakiliwa Marekani na kuuzwa bila yeye kulipwa.

Kisha mambo yakamwendea mrama. Watazamaji walichoshwa na mazingaombwe yake, madeni yakamlemea, na baada ya 1912 hakutengeneza filamu tena. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi liliyeyusha nyingi za filamu zake kutengenezea visigino vya viatu vya askari. Naam, viatu vile vile alivyovikimbia ujanani!

Mnamo 1923 ukumbi wake ulibomolewa na studio ikamponyoka. Kwa uchungu, alizichoma kwa mkono wake filamu asilia alizokuwa amehifadhi.

Pamoja na mkewe wa pili, mwigizaji Jehanne d'Alcy, aliuza peremende na vitu vya watoto vya kuchezea katika stesheni ya Montparnasse, ambako wanahabari walimtambua.

Alitunukiwa nishani ya Legion d'honneur mwaka wa 1931, na mwaka uliofuata akapewa makao huko Orly. Alifariki Januari 21, 1938.

Takriban filamu zake 200 zimesalia, baadhi zikiwa nakala zilizouzwa ng'ambo. Ile ya mvuvi ni mojawapo ya zilizonusurika.