Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann (1876–1966): Shule ya Usharika na Mlango wa Ofisi

Miongoni mwa wamisionari wa Leipzig waliofanya kazi katika miteremko ya Kilimanjaro, hakuna aliyeandika mengi juu ya Wachagga kuliko Mchungaji Dkt. Bruno Gutmann. Wengi humkumbuka kama mtunza mila. Lakini katika siku zake lilikuwapo pia swali lililowagusa wazazi na vijana wa sharika zote za mlimani: je, shule ni ya kumlea Mkristo kati ya ndugu zake, au ni ya kumwandaa kijana kwa mtihani utakaomwingiza katika ofisi ya serikali?

Ujana na wito

Bruno Gutmann alizaliwa tarehe 4 Julai 1876 huko Dresden, Ujerumani, katika nyumba isiyo na mali. Utoto wake ulikuwa mgumu, na mapema alilazimika kujitafutia riziki. Akiwa bado kijana alipata kazi katika ofisi ya utawala wa mji wa Pieschen, kando ya Dresden. Hivyo mtu ambaye baadaye aliwaonya vijana wa Kilimanjaro juu ya kazi ya ofisi aliwahi kuifanya mwenyewe, na hakuinenea kwa kusikia tu.

Mwaka 1895 aliiacha kazi hiyo akaingia chuo cha Misioni ya Leipzig. Mwaka 1902 alitumwa Afrika Mashariki. Alianzia Mamba, kisha Machame, na baadaye alianzisha kazi Masama. Baada ya kurudi kwao kwa muda, alikabidhiwa kituo cha Kidia, Old Moshi, mwaka 1910. Kituo hicho kilikuwa kimeanzishwa na Misioni ya Leipzig mwaka 1896.

Ukoo, ujirani na rika

Huko Old Moshi Gutmann aliketi na wazee, akawasikiliza, akaandika. Alijifunza desturi za kihamba, sheria za urithi na ndoa, na mafundisho waliyopewa vijana wakati wa jando. Kutokana na hayo alifikia usadikisho uliomwongoza maisha yake yote, kwamba Mungu hamwumbi mtu awe peke yake. Alimwona mtu amefungwa kwa vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika, na aliamini kuwa Injili imekuja kuvitakasa vifungo hivyo, si kuvikata.

Kwa hiyo aliujenga usharika juu ya misingi hiyo. Wazee walipewa dhamana ya majirani zao. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vya kusaidiana, kwa mfano wa vijana wa zamani waliosimama pamoja vitani nyuma ya ngao zao. Aliyekosa alionywa kwanza na wenzake, na aliyepatwa na shida alisaidiwa na wao. Mafundisho yalitolewa kwa Kichagga cha Old Moshi, na Gutmann mwenyewe alilitafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo.

Suala la shule na ukarani

Tangu enzi ya Wajerumani, serikali ilihitaji watu wa kuandika. Shule ya serikali ya Tanga ilitoa makarani waliotumwa katika maboma mbalimbali, na Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala. Reli ilipofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, boma, maduka na stesheni vilikusanyika huko chini, na kijana wa mlimani aliyejua kusoma aliona mbele yake njia ambayo baba yake hakuwa nayo.

Waingereza walipoushika utawala, njia hiyo ilipanuka lakini lango lake likawa jembamba. Sasa ilitakiwa lugha ya Kiingereza. Aliyetaka kuandikwa kazi alipaswa kuonyesha mbele ya wakubwa kuwa anaweza kusoma na kuandika lugha hiyo, kupiga hesabu, na kuandika kwa mwandiko safi. Serikali ilikuwa na shule yake Old Moshi, karibu kabisa na usharika wa Gutmann, na katika miaka ya 1920 ilifungua shule ya Tabora. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1927, shule na walimu walitakiwa kuandikishwa, na ruzuku ilizifuata shule zilizotimiza masharti ya wakaguzi. Shule ndogo za vijijini, zilizofundisha Neno la Mungu, kusoma na kuimba kwa lugha ya nyumbani, hazikuwa na nafasi katika mpango huo.

Gutmann hakuwa Kilimanjaro wakati mabadiliko hayo yalipoanza. Mwaka 1920 alirudishwa Ujerumani pamoja na wamisionari wenzake kwa sababu ya vita, na walimu Wachagga ndio waliousimamisha usharika katika miaka hiyo. Aliporudi katikati ya miaka ya 1920 alikuta vijana wanadai Kiingereza. Hakufurahi. Aliona kuwa mtihani humpima kijana peke yake, humtenga na rika lake, humpa cheti na mshahara wa mwezi, kisha humpeleka mjini mahali asipojulikana ni mwana wa nani. Aliogopa kwamba shule ikigeuka ngazi ya kupandia, wachache watapanda na kihamba kitabaki na wazee.

Vijana nao walikuwa na haki yao. Bila Kiingereza hawakuweza kusoma barua iliyoandikwa juu ya ardhi yao, wala kuhoji hesabu ya mnunuzi wa kahawa yao. Mfano ulikuwa hapo hapo Old Moshi. Joseph Merinyo, aliyesomeshwa na misioni, alifanya kazi katika ofisi ya mkuu wa wilaya, Charles Dundas. Mwaka 1925 akawa rais wa kwanza wa KNPA, chama cha Wachagga wakulima wa kahawa, kilichowasemea mbele ya serikali na walowezi ambao hawakupenda Mwafrika alime zao hilo. Ujuzi wa ofisini ulirudi mlimani ukawatumikia majirani. Hilo Gutmann hakulitazamia vya kutosha.

Si wamisionari wote waliokuwa na mawazo kama yake. Chuo cha walimu cha Marangu, kilichoanzishwa mwaka 1912, kiliendelea kuwaandaa walimu kwa ajili ya sharika zote, na wazazi wengi waliwapeleka watoto wao mahali pote palipokuwa na darasa. Hivyo suala hilo lilikatwa na watu wenyewe. Walizishika shule, wala hawakuacha kuitana kwa ukoo na mtaa wakati wa harusi, ujenzi na msiba.

Miaka ya mwisho

Gutmann aliondoka Kilimanjaro mwaka 1938, akaishi Ehingen katika jimbo la Bavaria hadi alipoitwa na Bwana tarehe 17 Desemba 1966. Alikuwa amepewa udaktari wa heshima wa theolojia na Chuo Kikuu cha Erlangen mwaka 1924, na baadaye ule wa sheria kutoka Würzburg. Kabla ya kufa alipata kusikia kwamba kanisa alilolitumikia lina askofu wake Mchagga, Stefano Moshi, aliyeshika kazi hiyo mwaka 1960 na ambaye mwenyewe alianza utumishi akiwa mwalimu wa shule.

Vitabu vyake vikuu, kimoja juu ya sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926, na vingine vitatu juu ya mafundisho ya jando vilivyotoka kati ya 1932 na 1938, vimehifadhi maneno ya wazee ambayo yasingepatikana tena. Lakini aliviandika kwa Kijerumani. Mjukuu wa wazee wale, akitaka kuyasoma waliyoyasema babu zake, hana budi kwanza aketi darasani ajifunze lugha ya kigeni. Shule ambayo Gutmann aliihofia ndiyo inayomfungulia mlango mjukuu huyo arudi kwa wazee aliowapenda.