John Harrison, seremala aliyetuliza mpigo wa saa

Kila siku jua la Mombasa hufika utosini dakika 11 hivi kabla ya lile la Nairobi. Saa za mikononi ni sawa, lakini wakati wa Adhuhuri hautuingilii pamoja, kwa kuwa sisi tuko mashariki zaidi. Jambo hili wakaazi wa pwani twalijua tangu utoto. Ila ni wachache wanaomjua mtu aliyelitumia kuwaokoa mabaharia na mauti, naye ni John Harrison, seremala wa Kiingereza. Leo nataka kuwasimulia wasomaji maisha yake.

Manahodha wetu wa zamani, tangu enzi za Ahmad ibn Majid, walijua kupima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, wakatambua wako kaskazini au kusini kiasi gani. Lakini umbali wa mashariki na magharibi, yaani longitudo, haukuwa na nyota ya kuutazamia. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Basi nahodha ambaye jua liko utosini mwake, na papo hapo ajua ni saa ngapi katika bandari aliyotoka, aweza kuhesabu amekwenda umbali gani. Shida ni kwamba hapakuwa na saa ya kustahimili bahari. Mwaka 1707 merikebu nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya elfu moja. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi pauni 20,000 kwa atakayeipata longitudo bila kukosea zaidi ya nusu digrii, ambayo ni dakika mbili tu za saa. Katika maji yetu ya karibu na ikweta, hizo ni kama kilomita 55.

Harrison alizaliwa Yorkshire mwaka 1693, akakulia kijiji cha Barrow katika jimbo la Lincolnshire. Babake alikuwa seremala, naye akaishika kazi hiyo. Mwaka 1713, akiwa kijana wa miaka 20, alimaliza saa yake ya kwanza, na magurudumu yake yalikuwa ya mbao.

Nionavyo mimi, ukubwa wa mtu huyu ulikuwa katika kufahamu jambo moja. Saa haiharibikiwi kwa kukosa nguvu, bali kwa kusumbuliwa mpigo wake. Ndani ya kila saa mna kitu kiendacho na kurudi, ambacho mafundi wa leo hukiita osileta. Kila kikigusacho hukiyumbisha. Mafuta huganda, joto hurefusha chuma, na chombo husukwasukwa na mawimbi. Harrison aliwaondoa maadui hawa mmoja mmoja. Alitumia mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe, ili saa isihitaji kutiwa mafuta. Aliunganisha fito za shaba na za chuma katika pendulamu, urefu wa hizi ukasawazisha urefu wa zile wakati wa joto.

Saa yake ya kwanza ya baharini, yenye uzito wa ratili 75 hivi, ilikamilika mwaka 1735, na mwaka uliofuata ikapelekwa hadi Lisbon. Wengi waliridhika nayo, mwenyewe hakuridhika. Akaunda ya pili, kisha ya tatu iliyomla miaka 19. Ndipo alipotambua kuwa kitu kikubwa chenye mpigo wa polepole husumbuliwa zaidi na mawimbi kuliko kidogo chenye mpigo wa kasi. Mwaka 1759 akamaliza saa ya nne, yenye upana wa sentimita 13 tu, ikipiga mara tano kwa kila sekunde. Mwanawe William aliondoka nayo mwaka 1761 kwenda Jamaica. Walipofika Januari 1762, ilikuwa imekosea kwa sekunde tano hivi.

Hata hivyo baraza la tuzo lilimzungusha. Ndani yake walikuwamo wanajimu waliopendelea njia ya kupima mwezi. Akalipwa nusu, akatakiwa aifungue saa na kueleza siri zake, kisha akatakiwa kuunda nyingine. Mpaka Mfalme George wa Tatu alipoingilia kati, ndipo Bunge likampa pauni 8,750 mwaka 1773. Mvumilivu hula mbivu, lakini huyu alizila akiwa na miaka 80. Alifariki London tarehe 24 Machi 1776.

Kazi yake ilifika hadi kwetu. Kapteni Owen, aliyetia nanga Mombasa mwaka 1824 wakati wa utawala wa Mazrui, alikuwa akichora ramani za pwani hii kwa msaada wa saa za namna hiyo.

Na fikra yake ingali hai. Hapa Mikindani namfahamu kijana anayejiundia saa ipokeayo wakati kutoka hewani. Redio humpa wakati sahihi, lakini huja na kelele na mikatiko, kwa hiyo baina ya habari moja na nyingine jiwe dogo la kwatsi ndilo lishikalo mpigo. Katika saa ya kawaida ya mkononi jiwe hilo hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Kijana amelitia jiwe lake katika kisanduku lisipigwe na upepo wa feni, amelipa umeme usioyumba, na hulisahihisha kwa redio polepole, wala halisukumi kwa kila kelele. Joto, msukosuko, papara: maadui ni wale wale wa Harrison.

Basi tumwonapo fundi asiye na shahada akiinamia kazi moja mwaka baada ya mwaka, tusimharakishe wala tusimcheke. Tumpime kwa kazi yake, na tumlipe haki yake angali na meno ya kuilia.